Je, Dozi Ilifika?

Safu ya Kutoka Darasani hadi Barazani

Safu hii, kama mnavyoijua, huchukua jambo moja ambalo wenzetu wamekutana nalo kwa Kiingereza katika mihadhara yao, ikalileta barazani ili tulijadili kwa Kiswahili na tuone kama linakaa. Toleo hili zamu imewaangukia wanaosoma fiziotherapia na saikolojia. Walikuja na swali ambalo mwanzoni tulidhani ni la watafiti peke yao: mtu anapofanya utafiti wa tiba fulani, anajuaje kwamba tiba hiyo imewafikia wagonjwa, tena imewafikia kama ilivyokusudiwa?

Baada ya mikutano miwili na birika kadhaa za chai, tumeona kwamba swali hili linatuhusu sote, hata sisi tunaosoma sheria na uhasibu. Wengi wetu tuna bibi, babu au mzazi aliyewahi kupata kiharusi, kuvunjika nyonga au kufanyiwa upasuaji wa goti hapa Uingereza. Wengi wetu tumewahi kukaa kwenye kile kiti cha tatu katika chumba cha matibabu, kati ya mzee na mtaalamu, tukikalimani. Na wengi tumemsikia mzee akisema baada ya wiki chache: "Haya mazoezi hayanisaidii kitu." Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kumkubalia, liko swali la kuuliza kwanza.

Vidonge vinahesabika

Wazazi wetu walitulea kwa amri moja waliyotoka nayo hospitali za nyumbani: maliza dozi! Kila mtu anaijua hadithi ya yule aliyepewa dawa ya mseto ya malaria ya siku 3. Siku ya pili homa imeshuka, vidonge vilivyobaki akavifungia kabatini "vya akiba". Homa iliporudi, akatangaza mtaa mzima kwamba dawa ile haifai. Hapo dawa imesingiziwa. Haikufeli, kwa sababu haikunywewa ilivyopasa. Pengine ni nzuri, pengine si nzuri, lakini mtu huyu hawezi kuwa shahidi.

Kwa vidonge, angalau tunaweza kufungua kabati na kuhesabu vilivyobaki. Tiba ya utengamao haina vidonge. Kwa wasiolizoea neno hili, utengamao ndilo linalotumika Tanzania kwa huduma za kumrudishia mtu uwezo wake baada ya ugonjwa au ajali: kutembea, kuvaa, kula, kuongea, kurudi kazini. Dawa yenyewe hapa ni muda, mikono, maneno na mazoezi. Wataalamu wawili wanaweza kuandika kwenye faili maneno yaleyale, "mazoezi ya kutembea, dakika 30". Mmoja akawa amempandisha mgonjwa ngazi mara nane. Mwingine alitumia dakika kumi kutafuta viatu, kumi kumpa moyo, na kumi kutembea kutoka kitandani hadi dirishani. Kwenye faili tiba ni moja, lakini miguuni mwa mgonjwa ni mbili.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, John Whyte na Tessa Hart, waliliandika tatizo hili kwa mfano unaokumbukika. Watu walizoea kuiita tiba ya utengamao kasha jeusi: unaona mgonjwa anaingia na anatoka, huoni kinachotendeka ndani. Wao wakasema hali ni ngumu zaidi, kwani inafanana na wale wanasesere wa Kirusi. Ukifungua mmoja, ndani yake yuko mwingine. Ndani ya "fiziotherapia" kuna "mazoezi ya kutembea", ndani yake kuna aina ya zoezi, uzito wake, idadi ya marudio, maneno ya kuelekeza, na namna mtaalamu anavyomwachia mgonjwa ajaribu mwenyewe. Asiyejua amefungua hadi mwanasesere wa ngapi hawezi kusema ni nini kilichomponya mgonjwa.

Hatari ni mbili. Tiba nzuri inaweza kutupwa kwa kuwa haikutolewa, na tiba dhaifu inaweza kusifiwa kwa kuwa mtoaji aliongeza vitu vyake visivyoandikwa popote. Katika hali zote mbili, wagonjwa wa kesho ndio watakaolipa.

Tuliite nani hili jambo?

Hapa ndipo mkutano wetu wa kwanza ulipokwama kwa saa nzima. Kamusi inatupa "uaminifu". Wengi walilikataa. Uaminifu una harufu ya ndoa na ya sanduku la pesa. Ukimwambia mtaalamu wa fiziotherapia kwamba unapima uaminifu wake, atadhani anatuhumiwa kuiba bandeji. "Usahihi" lilionekana dogo, maana mtu anaweza kutoa zoezi sahihi kwa mgonjwa asiyelielewa. "Uzingatiaji" lina kazi yake tayari, nalo humwelemea mgonjwa: anazingatia au hazingatii dawa. Jambo letu ni pana kuliko mgonjwa.

Mwenzetu mmoja ambaye kwao ni Unguja akapendekeza "amana". Amana ni kitu ulichokabidhiwa na mtu ili ukifikishe kwa mwenyewe kikiwa vilevile. Hupunguzi, huongezi, na kikipata kasoro njiani unasema. Mwenye wazo la tiba amemkabidhi mtaalamu, mtaalamu amemkabidhi mgonjwa, na mgonjwa ameibeba hadi nyumbani kwake. Neno likapita kwa kura nyingi. Basi katika safu hii tutasema "tiba kutolewa kama ilivyokusudiwa" tunapoeleza, na "amana ya tiba" tunapotaka kufupisha. Walimu wetu wa isimu mkiona tumeliharibu neno, tupeni habari kabla halijasambaa.

Vituo vitano vya njiani

Mwaka 2004 kundi la watafiti lililofadhiliwa na taasisi za taifa za afya za Marekani lilichapisha mwongozo katika jarida la saikolojia ya afya. Liliigawa kazi hii katika sehemu 5, nasi tumezitafutia majina.

Ya kwanza ni mpango. Kabla jaribio halijaanza, je, tiba imeelezwa kwa uwazi unaotosha, na je, inatofautiana kweli na ile ya kundi la kulinganishwa? Ya pili ni mafunzo: watakaotoa tiba wamefundishwa wakapimwa, au wamepewa kijitabu na kutakiwa kila la heri? Ya tatu ni utoaji, yaani kilichofanyika hasa siku ya tiba. Ya nne ni upokeaji: mgonjwa ameelewa, na anaweza kulifanya jambo lile akiwa mbele ya mtaalamu? Ya tano ni utendaji: akirudi nyumbani, jikoni kwake na chooni kwake, analifanya?

Chukueni mfano wa tiba ya mkono uliodhoofishwa na kiharusi ambayo Edward Taub wa Chuo Kikuu cha Alabama, Birmingham, anajulikana kwa kuibuni. Mgonjwa huvalishwa glavu nene kwenye mkono mzima ili alazimike kuutumia ule dhaifu. Katika jaribio kubwa la tiba hiyo, lililochapishwa 2006 likiwa na wagonjwa 222, lengo lilikuwa glavu ivaliwe asilimia 90 ya muda ambao mtu yuko macho, kwa wiki 2. Sehemu kubwa ya muda huo mtaalamu hayupo. Ndiyo maana wenye tiba hii huweka pia mkataba ambao mgonjwa hutia sahihi, na daftari la kuandika kila siku alichokifanya kwa mkono ule. Kwao mkataba na daftari ni sehemu ya tiba yenyewe, sawa na glavu. Anayechukua glavu akaacha daftari amechukua nusu ya amana.

Kozi ya London

Tuje sasa kwenye kisa kilichotufanya tuandike toleo hili, maana kimetokea papa hapa Uingereza na kinahusu watu kama wazazi wetu, yaani wale wanaomuuguza mtu nyumbani.

Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza lilichapisha jaribio lililofanywa London na Lalit Kalra na wenzake. Wagonjwa wa kiharusi 300 pamoja na wauguzaji wao wa nyumbani waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja la wauguzaji lilipata huduma ya kawaida. Jingine lilifunzwa kwa vitendo wakati mgonjwa bado yuko wodini: namna ya kumwinua na kumhamisha, kumgeuza asipate vidonda, kumlisha, kumsaidia kutembea na kuwasiliana. Mafunzo yalikuwa vipindi 3 hadi 5, kila kimoja dakika 30 hadi 45, kisha kipindi cha kufuatilia nyumbani. Baada ya mwaka, wauguzaji waliofunzwa walikuwa na mzigo mwepesi na mawazo machache zaidi, wagonjwa wao walikuwa na hali bora ya moyo, na gharama zilipungua. Ilikuwa habari njema kwa kila nyumba yenye mgonjwa.

Kwa kuwa kituo kimoja hakitoshi kuwa ushahidi wa nchi nzima, lilifuata jaribio kubwa lililoitwa TRACS. Liliongozwa na Anne Forster, likahusisha vituo 36 vya kiharusi na jozi 928 za mgonjwa na mwuguzaji wake. Matokeo yalitoka 2013. Baada ya miezi 6 hapakuwa na tofauti kati ya vituo vilivyotoa mafunzo na vile visivyotoa, si katika uwezo wa mgonjwa wala katika mzigo wa mwuguzaji.

Msomaji wa haraka atafunga ukurasa hapo na kusema: kumbe kufundisha familia hakusaidii. Lakini waliofanya TRACS walikuwa na busara ya kutuma pia watafiti wa kukaa wodini na kutazama. Walichokuta kinawagusa hata wasiojua chochote kuhusu tiba. Mafunzo yalikuwa yanashuka kwa ngazi: wafanyakazi wachache wa kila kituo walikwenda kujifunza, kisha wakarudi kuwafundisha wenzao. Huku na huko mafunzo hayakuota mizizi. Wapo wafanyakazi walioona kwamba hayo ndiyo wanayoyafanya siku zote, ila sasa yana fomu zake. Muda wa kukaa na familia ulikuwa mdogo, kazi nyingi, na vitanda vinahitajika kwa wengine. Mwuguzaji mmoja akipata kozi kamili, mwingine alipata vipande.

Hatusemi kwamba hilo ndilo jibu lote. Watafiti wenyewe walitaja kwamba siku za mwanzo baada ya kiharusi huenda si wakati mzuri wa kumfundisha mwuguzaji, kwani kichwa chake hakijatulia. Pia inawezekana kwamba huduma ya kawaida ya wakati wa TRACS ilikuwa imeboreka kuliko ya wakati wa jaribio la kwanza. Tunachosema ni kwamba bila wale waliokaa wodini kutazama, tusingekuwa hata na maswali hayo. Tungekuwa na hukumu tu.

Waswahili wamesema mjumbe hauawi. Ni sawa, asiuawe. Lakini ujumbe wenyewe unaweza kufia njiani, na ni haki ya aliyetumiwa kujua ulifia wapi.

Daftari lililookoa swali

Kisa cha pili kinaonyesha faida ya kuandika kila kitu. Kwa miaka mingi wataalamu wengi wameamini kwamba mgonjwa wa kiharusi asilazwe sana, ainuliwe mapema. Jaribio la AVERT, lililoongozwa kutoka Australia, liliandikisha wagonjwa 2,104 katika vituo 56 vya nchi 5, Uingereza ikiwamo. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine liliinuliwa kitandani mapema zaidi na mara nyingi zaidi, kuanzia ndani ya saa 24. Matokeo ya 2015 yaliwashtua wengi: baada ya miezi 3, waliokuwa na hali nzuri walikuwa asilimia 46 katika kundi la kuinuliwa mapema, na asilimia 50 katika kundi la kawaida.

Je, tiba ilitolewa? Safari hii jibu lilikuwepo, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wakiandika kila walipomwinua mgonjwa. Asilimia 92 ya kundi la kwanza waliinuliwa ndani ya saa 24, na asilimia 59 ya kundi la pili. Tofauti ilikuwepo, basi matokeo yana uzito. Daftari hilohilo likaonyesha jambo jingine: kadiri miaka ya jaribio ilivyosonga, kundi la kawaida nalo lilikuwa likiinuliwa mapema zaidi. Wafanyakazi ni binadamu. Wakiona jirani anafanya jambo, huiga. Kama hakuna anayeandika, makundi mawili yanaweza kukaribiana hadi yakawa kundi moja lenye majina mawili.

Tena, kwa kuwa rekodi zilikuwepo, uchambuzi uliotoka 2016 uliweza kuuliza swali la ndani zaidi: je, tatizo ni kuinuliwa, au ni namna ya kuinuliwa? Ulionyesha kwamba vipindi vifupi vinavyorudiwa mara nyingi viliendana na matokeo mazuri, ilhali wingi wa dakika uliendana na matokeo mabaya. Haba na haba, kumbe, hata kitandani. Kutoka kwenye "haifai" tukafika kwenye "haifai kwa namna ile, jaribuni namna hii". Daftari ndilo lililotufikisha huko.

Karatasi ya 3 x 10

Sasa tutoke wodini, twende kwenye sebule zetu. Nyumbani kwa mwenzetu mmoja, bibi alitoka hospitali na karatasi ya mazoezi ya goti. Kulikuwa na picha ya mtu asiye na uso akinyoosha mguu juu ya kiti, na chini yake: 3 x 10. Basi. Mama mtu akafahamu kwamba ni mara tatu asubuhi na mara kumi jioni. Mjomba akasema hesabu ni hesabu, tatu mara kumi ni thelathini, apige zote kwa mpigo mmoja amalize. Bibi aliwasikiliza wote, akafanya anavyojua yeye. Alinyoosha goti mara kumi kwa siku, siku tatu. Siku ya nne alikaa zake. Alipoulizwa akajibu kwa utulivu: "Dozi nimemaliza."

Tulicheka sana, kisha tukanyamaza. Bibi hakukosea. Alitumia akili ya mtu aliyezoea dawa ya siku 3, na karatasi haikumpa akili nyingine. Alipokwenda kwenye miadi na kuulizwa kama anafanya mazoezi, alijibu ndiyo, na ilikuwa kweli. Kwenye faili ikaandikwa kwamba mgonjwa anafanya mazoezi nyumbani. Sasa mfikirieni bibi huyo akiwa mmoja wa washiriki wa utafiti. Angehesabiwa miongoni mwa waliopata tiba. Goti lake lisilopinda lingekuwa ushahidi dhidi ya zoezi ambalo hakulipata.

Hilo ni la upokeaji. La utendaji ni zito zaidi, kwa sababu linagusa mapenzi. Katika nyumba zetu nyingi, mzee aliyeugua hainuki kufuata maji. Mjukuu anakimbia, mkwe anakimbia, hata mgeni aliyefika kumjulia hali anakimbia. Tukimwacha ajikongoje hadi jikoni, watu watasema nini? Ilhali mtaalamu alikuwa amepanga kwamba safari ile ya kwenda jikoni ndiyo tiba. Kila glasi tunayompelekea ni hatua ishirini tulizomnyang'anya, na tunafanya hivyo kwa adabu kabisa. Mtafiti asiyewahi kukaa kwenye sebule kama hizo hatajua kwamba tiba yake ilizuiwa na heshima. Akijua, anaweza kuipanga upya pamoja na familia: glasi iwe ya mzee mwenyewe kumletea mjukuu, na hapo heshima na tiba zitakuwa upande mmoja.

Kisha kuna lugha. Si ajabu kukuta katika masharti ya utafiti kwamba mshiriki lazima ajue Kiingereza cha kutosha. Sababu inaeleweka, maana ukalimani ni ghali na maelezo hubadilika. Lakini matokeo yake ni kwamba tiba inathibitishwa kwa watu wengine, kisha wazee wetu wanaletewa ikiwa imepita kwenye kinywa cha mjukuu aliyelelewa kwa Kiswahili cha jikoni. Jaribuni wenyewe, hapo mlipo, kutafsiri agizo la kukaza misuli ya paja bila kuupinda mguu, ushikilie sekunde 5, ulegeze taratibu. Sasa litafsirini kwa mzee wa Mombasa, kisha kwa mzee wa Bukavu, kisha kwa mzee wa Bujumbura. Tulilijaribu mkutanoni, tukapata tafsiri sita na ubishi mmoja mkubwa kuhusu paja linaanzia wapi.

Je, mtaalamu awe kasuku?

Wenzetu wa fiziotherapia walitukumbusha upande wa pili, nao una haki. Wagonjwa hawafanani. Mtaalamu mzuri hubadilisha zoezi akiona maumivu, uchovu au woga. Tukimfunga kwa orodha, tutapata kasuku anayekariri, na wagonjwa wataumia.

Jibu tulilolipata linafanana na biriani. Kila nyumba ina biriani yake. Mmoja anaweka viazi, mwingine hataki kuvisikia. Lakini ukipika wali na mchuzi ukaviweka kwenye sahani mbili, hata uweke zafarani kilo nzima, wageni watakuuliza biriani iko wapi. Kwa hiyo mwenye tiba aseme mapema: haya ndiyo yasiyoguswa, na haya ndiyo yenye ruhusa ya kubadilishwa, na yakibadilishwa yaandikwe. Mwongozo wa TIDieR, uliochapishwa 2014 wenye vipengele 12 vya kuieleza tiba katika ripoti ya utafiti, unataka jambo hilohilo. Pamoja na nani alitoa nini, wapi na kiasi gani, unauliza tiba ilirekebishwaje kwa kila mgonjwa, ilibadilika vipi katikati ya utafiti, na ilitolewa kwa kiwango gani ikilinganishwa na mpango.

Njia za kuchunguza si za ajabu. Kuna kurekodi baadhi ya vipindi na kuvisikiliza, kuna orodha ya kutia alama, kuna daftari la mgonjwa, kuna vifaa vya kuhesabu hatua. Na kuna ile rahisi kuliko zote: kumwomba mgonjwa akuonyeshe. Usimwulize "umeelewa?", maana mzee wa Kiswahili atajibu ndiyo ili asikuvunjie heshima. Mwambie, "Bibi, hebu nifundishe mimi." Hapo utaona yote.

Tunachowaomba

Kwa wanachama: mnapokutana na habari kwamba utafiti umeonyesha tiba fulani haisaidii, ulizeni maswali matatu kabla ya kuituma kwenye kundi la familia. Nani aliitoa, na alifundishwaje? Kuna aliyetazama ikitolewa? Na waliopewa, waliifanya nyumbani? Mkikosa majibu, msiseme tiba haifai. Semeni haijulikani kama ilifika.

Kwa wale mnaokaa kwenye kiti cha tatu: hospitali za umma hapa Uingereza zina huduma ya wakalimani ambayo mgonjwa hailipii. Iombeni mapema, miadi inapopangwa, mtaje kabisa kwamba ni Kiswahili na ni cha wapi. Mjukuu aende kama mjukuu, amshike bibi mkono, asikilize, na akirudi nyumbani awe wa kwanza kuiacha glasi ya maji mezani.

Kwa walimu wetu: tunataka kutengeneza orodha ya maneno 40 ya mazoezi kwa Kiswahili kinachoeleweka kutoka Lamu hadi Lubumbashi: kukunja, kunyoosha, kukaza, kulegeza, kushikilia, na jinsi ya kusema 3 x 10 pasipo mtu kumaliza dozi siku ya tatu. Pendekezo tulilo nalo kwa sasa ni "rudia mara kumi, pumzika, kisha uanze tena, hadi zitimie awamu tatu, kila siku, mpaka utakapoambiwa uache". Ni refu, tunakiri, lakini bibi yule amelisikia na amelikubali. Aliuliza jambo moja tu, nasi hatukuwa na jibu: awamu tatu hizo, za kabla ya chai au za baada?

Majibu yenu yatufikie kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Anayetaka kubishana kuhusu "amana" aje na neno lake mkononi.